Mlima Mrefu wa Taisho

Sehemu ya Tisa

Wewe msomaji ulipewa wiki nzima ya kulitafuna swali la Bi Kinjo. Wachuka hakupewa hata nafasi ya kumeza mate.

"Kwa nini nyote mnakohoa?"

Ndivyo alivyouliza yule mama wa Osaka aliyekuwa akimhoji kwa kazi, miwani mkononi, uso ameusogeza karibu na kamera hadi ukajaa kioo chote cha kompyuta mpakato. Na papo hapo stima zikapotea. Kisanduku cha mtandao ukutani kikafumba jicho lake la kijani, na uso wa Bi Kinjo ukaganda mdomo wazi, kama mtu aliyepigwa picha katikati ya chafya.

"Si saa hii!" Wachuka aliipiga meza kofi. "Siku zingine zote, lakini si saa hii!"

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo. Mwalimu Jonah aliingia, tai imemrukia begani.

"Umemjibu?"

"Nimjibu saa ngapi? Stima zimeenda na yeye."

"Asante Mungu," alisema Jonah, akajifuta jasho. "Tumepewa nafasi ya kupanga jibu."

Huyu Jonah ndiye mwenye Chuo cha Daraja la Mashariki, vyumba viwili tu juu ya duka la dawa za mifugo hapa Section 58, Nakuru, ambako somo lolote, hata liwe tamu vipi, hunukia dawa ya kuogeshea ng'ombe. Anafundisha vijana Kijapani na kazi ya kutunza wazee. Aliwahi kukaa Japani. Alikaa muda gani, hakuna anayejua, na anayeuliza hupewa kazi ya ziada.

Anafundisha kama tulivyofundishwa sote darasa la pili: yeye anasema, darasa linaitika, hadi maneno yagande kichwani kama ugali chini ya sufuria. Ndivyo walivyofundishwa kuhusu Taisho, mtaa wa Osaka wenye nyumba ya wazee ya Bi Kinjo. "Taisho ni mtaa mzuri. Watu wake ni wakarimu. Hewa yake ni safi. Kuna mlima mrefu, na mimi napenda kupanda milima."

Sasa, Jonah ana koo bovu. Kila akifika kwenye "mlima mrefu" koo humkaba, naye hukohoa mara mbili, koh koh, kisha huendelea. Darasa nalo likakohoa. Hakuna aliyewaambia wasikohoe. Walidhani ni heshima ya Kijapani.

Basi wiki iliyopita wanafunzi wa jioni walihojiwa, wakafika mlimani, wakakohoa. Leo asubuhi Sue, rafiki wa Wachuka, akahojiwa, akakohoa. Kisha Wachuka. Nyumba imejaa wazee wenye vifua vya karatasi, na kila mtu anayeletwa kutoka Nakuru anakohoa. Bi Kinjo angefikiria nini?

"Sema ni vumbi," Jonah alisema. "Nakuru ni vumbi. Hata jina lenyewe, wazee wanasema ni mahali pa vumbi."

"Vumbi gani linachagua sentensi, mwalimu? Linatungoja tufike kwa mlima ndio litukabe?"

"Wachuka, usiniletee kichwa ngumu."

Sue alikuwa kwenye benchi la nyuma, magoti pamoja, simu mapajani. Yeye na Wachuka wamekalia dawati moja tangu siku ya kwanza, wamegawana chapati na karatasi za mazoezi. Leo wanagombea nafasi moja, kwa sababu Bi Kinjo anataka mtu mmoja tu.

"Sema tu vumbi, aki," Sue alisema kwa upole. "Ukisema ukweli, mimi nimekwisha. Ataona niliimba tu kama kasuku, na siwezi kurudi nyuma nihojiwe upya."

"Na nikisema uongo halafu anipeleke kwa daktari?"

"Daktari atapata kifua kizuri. Wapi shida?"

Simu ya Wachuka ilitetemeka mfukoni. Ujumbe ulitoka kwa Thuo, jirani yao wa Kihoto, kule Naivasha Wachuka alikozaliwa. *Maji yameingia kwenu. Mathe amekataa kutoka. Sisi tuko kanisani huku juu, wife alijifungua juzi siwezi kumwacha sana. Tafadhali ongea na mama.*

Wachuka alipiga namba ya mamake. Mteja hapatikani. Akapiga tena. Mteja yule yule, kutopatikana kule kule.

Hapo ndipo palipokuwa na uchungu wote wa msichana huyu. Kila mvua kubwa, ziwa hulipanda boma lao bila kupiga hodi. Kila mara mama huinua kitanda kwa mawe ya kujengea na kungoja. Wachuka aliapa atafanya kazi ng'ambo, amhamishe mama Subukia kwa wajomba, kwenye mteremko, mahali ambapo maji hupita na kusema kwaheri. Ndiyo maana aliuimba ule mlima wa Taisho kwa moyo. Alitaka mlima. Alikuwa amechoka na tambarare.

"Sue, niwekee mtandao wa simu yako. Yangu nangojea mama apige."

Sue alisita. Akamtazama Jonah, akamtazama Wachuka, kisha akauwasha mtandao na kuiweka simu mezani. "Inachukua muda," alisema. "Na usisahau ni yangu."

Kigurudumu kikaanza kuzunguka kwenye kompyuta. Kikazunguka. Kikazidi kuzunguka. Kwa hasira ya kungoja, Wachuka alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ajiunge na chuo. Alichukua simu yake na kuutafuta mtaa wa Taisho mwenyewe.

Ndiyo, msomaji, mwenyewe, kwa mara ya kwanza! Usimcheke. Wewe pia ulifundishwa kwamba sufuria ya mwalimu haifunuliwi kifuniko.

Picha ya kwanza ilipigwa kutoka angani. Aliitazama, akaigeuza simu, akaitazama tena. Mto upande huu. Mto upande ule. Mbele, bahari. Katikati viwanda, madaraja marefu yaliyojipinda kama shanga, na nyumba zimebanana chini, chini kabisa. Akasoma. Sehemu kubwa ya mtaa iko chini kuliko kimo cha bahari maji yanapojaa. Watu huvuka mito kwa vivuko vya serikali, bure, na baiskeli zao, kama unavyovuka barabara kwenda dukani.

Akamgeuzia Jonah kioo cha simu.

"Mwalimu. Taisho ni kisiwa."

Jonah alijifanya kutafuta kalamu.

"Mwalimu! Ni maji kila upande! Mlima uko wapi?"

"Uko hapo. Angalia vizuri, ndani ya bustani."

Wachuka akautafuta. Akaupata. Akasoma kwa sauti, kila neno akilitema: "Kilima hiki kilitengenezwa na udongo uliotolewa wakati wa kuchimba njia za treni za chini ya ardhi." Akainua macho. "Huu ni udongo wa shimo, mwalimu! Hata kichuguu cha Menengai kinaushinda!"

"Mlima ni mlima."

"Na hewa safi? Na viwanda vyote hivi?"

"Kuna upepo wa bahari."

"Kwa nini ulituficha maji?"

Jonah alikaa kwenye ukingo wa meza. Kwa mara ya kwanza alionekana mtu wa kawaida, mwenye soksi zisizofanana. "Mwaka jana nilikuwa na Nasimiyu kutoka Budalang'i. Msichana moto kabisa darasani. Nilipofundisha mambo ya mito, akafunga kitabu. Akaniambia mwalimu, mimi nimekimbia maji tangu nizaliwe, siwezi kupanda ndege niyafuate. Akaenda. Na wewe ni wa Kihoto. Ningekwambia, ungekaa?"

"Ungeniambia nichague!"

"Ungechagua vibaya."

Wachuka alifungua kinywa kumwambia neno ambalo gazeti hili haliwezi kulichapa. Lakini kompyuta ililia, ting, na uso wa Bi Kinjo ukafumuka kutoka kwenye barafu yake.

"Wachuka-san? Unanisikia?"

Jonah alijitupa nyuma ya kompyuta, asionekane, akaanza kuonyesha kwa midomo: Vum-bi. Vum-bi.

"Nakusikia. Samahani sana. Stima zilipotea."

"Nilikuuliza kuhusu kikohozi."

Kijapani cha Wachuka kilikuwa kama daraja la mbao: kinapitika, mradi uangalie unapokanyaga. Alimtazama Jonah na midomo yake. Alimtazama Sue, aliyekuwa amekunja mikono kama anayesali. Uongo ulikuwa tayari ulimini, mwepesi, umepikwa na kupakuliwa. Lakini alikuwa ametoka kulishwa uongo sasa hivi, na ladha yake ilikuwa bado mdomoni.

"Si ugonjwa," alisema. "Ni mwalimu wetu. Hufundisha kwa kuimba. Yeye hukohoa hapo. Sisi tulidhani kikohozi ni sehemu ya somo."

Jonah alishika kichwa. Sue alisimama wima. Alikielewa Kijapani vizuri kuliko wote darasani, na alilielewa kila neno.

"Umeniuza," alinong'ona. Mkono wake ulishuka juu ya simu, kidole gumba juu ya kioo. "Nikizima hii, tutatoka hapa tukiwa sawa, mimi na wewe."

Wachuka alikigeukia kioo. Bi Kinjo alikuwa akimtazama.

"Na ule mlima?" aliuliza Bi Kinjo. "Nao ni wa mwalimu?"

"Nao pia."

Kisha mtu ambaye hakuonekana, mahali fulani katika ofisi ya Osaka, alipasuka kicheko, na Bi Kinjo akauma mdomo. "Wazee wetu huupanda na mikongojo kabla ya chai," alisema. "Tumesikia vijana wa Nakuru wote wakitamani kuupanda. Tulishangaa nchi yenu ina shida gani ya vilima."

Hakutabasamu tena. "Sasa niambie kuhusu Taisho bila mwalimu."

"Ni maji," Wachuka alisema. Hasira ilikuwa imempanda. "Nimejua sasa hivi, stima zikiwa zimepotea. Ningejua mapema, labda nisingekuja. Mimi natoka kando ya ziwa. Ziwa huingia nyumbani kwetu. Tukiamka, viatu vinaelea. Viboko hulala mahali tulipopanda sukuma. Leo pia maji yako kwa mama. Sipendi maji. Hiyo ndiyo Taisho ninayoijua."

Kidole cha Sue kilibaki hewani.

Bi Kinjo alirudi nyuma kidogo kwenye kiti chake. "Nyanya yangu alitoka Okinawa," alisema taratibu, akimchagulia maneno mepesi. "Visiwa vya kusini, mbali. Alikuja kufanya kazi ya uzi kiwandani. Wengi walikuja hivyo, ndiyo maana hata leo ukipita madukani kwetu utasikia nyimbo za Okinawa na kunusa chakula cha kwao. Lakini waliotangulia walikuwa wamechukua pa juu. Waliofika nyuma walipewa bondeni."

Wachuka alisogea karibu na kioo. Ndivyo babake alivyokuwa akisema kuhusu Kihoto. Kwa maneno yale yale.

"Kimbunga kikija," Bi Kinjo aliendelea, "tunafunga milango mikubwa ya chuma mtoni. Halafu tunawapandisha wazee ghorofa ya juu. Wengine hukataa. Kuna mzee mmoja, fundi wa meli, hushika kitanda kwa mikono yote miwili. Swali langu ni moja tu, na hili hukuimbiwa. Mzee wa namna hiyo, utamtoaje?"

Simu ya Wachuka ikalia.

Thuo.

Jonah alitikisa kichwa kwa nguvu: usishike! Hata Sue alitikisa kichwa. Katika mahojiano hushiki simu, hata ikiwa ni ya rais.

"Samahani," Wachuka alimwambia Bi Kinjo. "Ni mama." Akashika.

"Wachuka! Niko naye hapa mlangoni. Ongea naye, mimi nimeshindwa!"

Sauti ya maji ilisikika kwanza, yakilamba kitu. Kisha sauti ya mamake, kavu na shwari, kama aliyekatizwa akichambua mchele.

"Wachuka, mwambie huyu kijana aniache. Ananivuta nguo."

"Mami, maji yako wapi?"

"Yako magotini. Yamekuja kunisalimia, yatarudi."

"Mami, toka! Toka sasa hivi!"

"Nitoke niende wapi? Nikalale kwa sakafu ya kanisa kama mkimbizi? Nyumba hii alinijengea baba yako. Nikitoka ataiangalia nani, viboko?"

"Nakuomba!"

"Wacha kuniomba. Mimi nililijua hili ziwa kabla halijapata akili mbaya."

Wachuka alipiga kelele. Aliamuru. Alimtaja marehemu baba, akamtaja mchungaji, akamtaja Mungu mwenyewe. Kadiri alivyovuta, ndivyo mama alivyojikita, kama mbuzi anayevutwa kamba kwenda sokoni. Na Bi Kinjo, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, alikuwa akitazama kila kitu, kalamu mkononi.

Swali lilikuwa pale pale: mzee wa namna hiyo, utamtoaje?

Wachuka alifumba macho. Akaacha kufikiria maji. Akamfikiria mama. Ni lini aliwahi kumwona mama akikurupuka kitini bila kuvutwa na mtu?

"Mami," alisema, sauti imeshuka. "Mke wa Thuo amepikiwa njahi?"

Maji yalilamba.

"Ati nini?"

"Amejifungua juzi. Yuko huko kanisani. Nauliza tu kama amepikiwa njahi."

Kwao Wachuka, mama aliyejifungua hupikiwa njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe, ale apate damu na maziwa. Mama Wachuka amewapikia wazazi wapya wa Kihoto nzima. Hakuna mtoto wa mtaa ule ambaye maziwa yake ya kwanza hayakupitia sufuria yake.

"Thuo!" Sauti ya mama ilibadilika kabisa. "Mke wako anakula nini?"

"Mkate na chai, mama."

"Mkate! Mama mzazi anakula mkate, kama mtu anayengoja gari? Na maziwa yatatoka wapi, kwa chai ya rangi? Kwa nini ulinyamaza, wewe kijana? Umekuja hapa kunivuta nguo na mkeo ana njaa! Shika hiyo sufuria. Si hiyo, ile kubwa. Na jiko. Weka kwa kichwa, usiyaloweshe makaa!"

Wachuka aliangua kicheko kilichochanganyika na machozi. Alisikia hatua zikichapa maji, sufuria ikigonga fremu ya mlango, na mama akitoa amri kama jenerali.

"Anatoka," alimwambia Bi Kinjo. "Mama anatoka."

"Ulimwambia nini?"

Wachuka alieleza kwa Kijapani chake cha mbao: mtoto mchanga, chakula, mzazi mwenye njaa. "Nilikosea kumwokoa," alisema. "Hataki kuokolewa. Anataka kuitwa. Kwa hiyo nimemwita kazini."

Bi Kinjo alivaa miwani yake polepole. "Yule fundi wa meli," alisema, "mimi nilimbeba mgongoni kwa nguvu. Alipona. Hajanisalimia tangu siku hiyo." Akaweka kalamu chini. "Wachuka-san, sihitaji mtu wa kupanda mlima. Nafasi ni yako. Njoo Taisho."

Jonah aliruka nyuma ya kompyuta, ngumi hewani, tayari ameshasahau kwamba dakika chache zilizopita alikuwa ameaibishwa. Sue aliketi benchi la nyuma, polepole, akafunika uso kwa kitambaa. Lakini simu yake aliiacha mezani, ikiwaka.

Wachuka alitaka kumwendea. Alitaka kumwambia nini? Hakujua. Akainua simu yake kwanza, ampe mama habari.

"Mami! Mami, nimepata—"

"Wachuka, mimi ni Thuo." Alikuwa akihema. "Niko nje, nina sufuria. Mama amerudi ndani."

"Amerudi kufanya nini?"

"Njahi! Anasema huwezi kubeba sufuria bila njahi. Anasema ziko kwa gunia, stoo ya nyuma."

Stoo ya nyuma. Ile ya matofali yasiyochomwa, upande wa ziwa.

"Thuo, mtoe! Achana na sufuria, mtoe!"

"Naenda, naenda! Mama! Mama, usifungue huo mlango! Ukuta una—"

Kilichofuata si neno. Ni mngurumo, mfupi na mzito, kama lori likimwaga mchanga. Kisha sufuria ikagonga kitu. Kisha maji, maji matupu, na simu ilikuwa bado wazi.

"Thuo? Mami?"

Koo lilimkaba Wachuka. Safari hii hakuwa amefundishwa na mtu.

Kwenye kompyuta, Bi Kinjo alikuwa akitabasamu. Hakuwa ameelewa hata neno moja. Aliinama mbele, akauliza kwa upole, kama anayemuuliza mtu wa nyumbani kwake:

"Mama yako ameshatoka?"